Sinia la Genivalda

Siku ya kwanza Brasília walinipa beji ya buluu
na karatasi yenye visanduku, mistari ikishuka
kama mizizi ya mti uliopandwa kichwa chini:
Waziri, Katibu Mtendaji, makatibu wanne,
wakurugenzi, waratibu wakuu, waratibu,
wakuu wa vitengo, na huko chini kabisa
kisanduku kisicho na jina,
mimi.

Miaka minne nilikesha na vitabu vya sheria
nyuma ya duka la baiskeli la mjomba, kule Picos,
sheria ya likizo, sheria ya manunuzi, kifungu kwa kifungu,
watu elfu tisa tukigombea viti arobaini.
Nilikuwa wa thelathini na nane.
Mama alilia kwenye simu: sasa hakuna wa kukufukuza.

Saa tatu na nusu mlango ukasukumwa kwa nyonga.
Genivalda, sinia mikononi, beji yake ya kijivu.
"Wewe ndiye mpya. Hiyo karatasi iweke. Tazama hapa."

Akapanga vikombe juu ya meza yangu tupu.
"Hiki cha ukingo wa dhahabu ni cha Waziri.
Huja na rais, na mara nyingi huondoka
hata hajajua choo kiko wapi.
Hivi vitatu ni vya watu wake wa kuaminiwa.
Waliteuliwa kwa kalamu, hufutwa kwa kalamu ileile;
hao hunywa wima.
Vyeupe vya kauri ni vyenu, nyie wa mtihani.
Mnakaa. Mnazeeka. Sukari mnaanza na vijiko viwili,
mkifika daraja la juu daktari anawakataza.
Na hivi..."
Akavitazama. "Vya plastiki ni vyetu, wa kampuni.
Wizara hainijui mimi. Wizara inaijua kampuni,
na kampuni hunikumbuka nikidai mshahara."

Nikamuuliza amewahudumia mawaziri wangapi.
Akahesabu vidole, akaurudia mkono wa kwanza.
"Kumi na watatu. Mmoja alinipa mkono."

Nikajifunza. Barua hupanda ngazi ikihema,
na ikifika juu husahau ilichotumwa.
Ombi la pampu ya maji, kutoka mji nisioujua,
lilinifikia likiwa na sahihi sita.
Nikatia ya saba, nikaandika: Kwa uamuzi wa ngazi ya juu.
Huko juu wakaandika: Lirudishwe kwa maoni ya mtaalamu.
Mtaalamu ni mimi.
Miezi mitano tukawa tunasalimiana, mimi na pampu ile,
kama majirani wanaokutana kwenye lifti.

Kisha Jumanne moja, kabla ya jua, Gazeti la Serikali
likatoka na amri: wizara yetu imemezwa na nyingine.
Kitengo changu kikakatwa kama ukucha.
Mafundi wakapanda ukutani kung'oa herufi za shaba,
wakafika nusu, wakaenda kula;
mchana kutwa tukafanya kazi
katika Wizara ya Maende.

Wa kalamu wakabeba maboksi na picha za watoto wao.
Sisi wa mtihani tukabaki, viti vilevile,
tukibandika nembo mpya juu ya barua kuukuu.
Na kampuni ya Genivalda ikakosa zabuni.
Jumatatu akaingia na sare ya kijani, si ya hudhurungi,
kampuni nyingine, sinia lilelile.
"Miaka kumi na tisa," akasema, "na leo nimeajiriwa.
Likizo naihesabu upya kuanzia asubuhi hii."

Alipotoka nikalivuta faili la pampu.
Sahihi sita juu ya yangu, na visanduku vyote sita
havipo tena. Hapakuwa na juu pa kulipeleka.
Nikaandika: Likubaliwe.
Nikapiga mhuri wa wizara iliyokufa,
maana mpya ulikuwa bado haujachongwa.

Saa tisa akapita, akauona wino haujakauka,
akasoma neno moja, akanitazama.
Hakusema kitu. Akanimiminia kahawa
katika kikombe cha plastiki.
"Anza kukizoea," akasema,
"huenda wakauliza."